Sauti Iliyouliza Saa

Saa ile ilikuwa inatembea kabla mtu yeyote hajaitia ufunguo. Hakorimana, fundi wa saa, ndiye aliyeligundua jambo hilo kwanza, na halikumpendeza. Aliiweka sikioni, akaigeuza, akaitazama kwa kile kioo kidogo alichokibana jichoni, kisha akaisukuma pembeni mwa meza, mbali na zile nyingine mbili.

"Hii ilifika jana tu," alisema. "Sijaifungua. Angalia hizi mbili kwanza, Mama Wivine."

Meza yake ilikuwa barazani pa duka la mfanyabiashara mmoja wa kabila la Wanande, sokoni Nyabiondo. Hakorimana alitoka Kirolirwe akikimbia risasi, na katika vyote alivyokuwa navyo huko alikuja na koleo zake ndogo tu na mkebe wa vyuma vya saa. Wivine alikuwa mkunga wa kituo cha afya. Saa yake ya plastiki ilikuwa imekufa, na pile, yaani betri, hazikuonekana tena sokoni tangu vita vikate barabara ya Sake. Kwa wiki kadhaa alikuwa anahesabu mapigo ya moyo wa wagonjwa kwa kukisia, na kukisia kulimnyima usingizi. Sasa alitaka saa ya kizamani, ya kutia ufunguo, isiyokula pile. Hakuwahi kununua saa ya namna hiyo na hakujua pa kuanzia.

"Saa ya zamani hawainunui na macho," Hakorimana alimwambia. "Wanainunua na masikio. Chukua hii."

Ya kwanza ilikuwa ya rangi ya dhahabu, na mkanda mpya. Ilimeremeta hata Wivine akatabasamu. Aliiweka sikioni, akasikia inakwenda kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi.

"Umesikia?" fundi alisema. "Uso wake walipaka rangi upya. Inje inawaka, ndani imeshakufa mara mbili. Sitaki uje kunilaani kesho. Sasa sikia hii ingine."

Ya pili ilikuwa kubwa, nzito, na mshale mrefu mwekundu wa sekunde uliozunguka uso mzima. Hakorimana aliifungua mgongo, akamwonyesha magurudumu safi yasiyo na kutu, akamfundisha kuvuta kile kifungo cha pembeni na kuona kama kinalegea. "Hii njo saa ya muganga," alisema. "Mushale ni murefu, hata mu giza kidogo unauona. Ningekuwa weye, ningebeba hii na ningeenda."

Wivine alijua kuwa fundi anasema kweli. Hata hivyo mkono wake ulikwenda kwenye ile ya tatu, iliyosukumwa pembeni. Ilikuwa ndogo, ya chuma, uso wake umegeuka rangi ya chai ya maziwa, na sekunde zake zilitembea peke yao katika kiduara kidogo chini. Haikuwa nzuri kushinda zile nyingine. Lakini alipoivaa, aliiona ina joto, kama saa iliyovuliwa sasa hivi mkononi mwa mtu.

Hakuna kilichokuwa na joto nyumbani kwake isipokuwa moto wa kupikia. Mumewe, Raphaël, alikuwa ameshuka Walikale kuchimba kasiterite, madini ya bati, na tangu mvua za kwanza hakuna neno lililotoka kwake. Majirani wa upande wa juu walikimbia, wa upande wa chini wakakimbia pia, na yeye akabaki kwa sababu ya wanawake wenye mimba ambao hawakuweza kukimbia.

"Nitabeba hii," alisema.

"Mama, saa ya mutu humujue ni kama shati ya mutu humujue. Ilikuja na mufanyabiashara anatoka Walikale. Sikumuuliza, naye hakusema."

"Hii, Papa Hakorimana."

Fundi alimtazama, akaona hatabadili neno, akapokea debe la maharagwe walilopatana na akamkazia mkanda.

Jioni ile Wivine alipanda njia ya kwake katika ukungu. Penye kona ya migomba, mtu alisema kwa upole, "Mama, iko saa ngapi?"

Alifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza saa akiwa na saa ya kujibu. Aliinua mkono, akasogeza uso wa saa karibu na macho, akajibu, "Inakaribia saa kumi na mbili." Alipoinua kichwa hakuona mtu. Aliona migomba na ukungu, na njia tupu. Akadhani mwulizaji alikuwa na haraka.

Kesho yake sauti iliuliza tena, safari hii ikitokea nyuma ya zizi lake tupu la mbuzi. Akajibu. Baadaye iliuliza kutoka chini ya dirisha. Akajibu tena, ingawa alishafungua dirisha na kuona kuwa udongo wa pale chini, uliolowa mvua, haukuwa na alama ya mguu. Alijua wazee walivyokataza: usiitikie sauti usiyoona mdomo wake. Alijua. Lakini zilipita siku nzima ambazo mtu pekee aliyesema naye ni mgonjwa anayelia, na jioni ilipofika alijikuta anakaa karibu na mlango, saa mkononi, masikio yamesimama, kama mtu anayengoja mgeni.

Kisha ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya udongo mbichi, udongo wa chini sana usiowahi kuona jua, na ilianza kidogo chini ya kitanda, ikaenea hadi jikoni, ikaingia hata kwenye ugali. Asubuhi moja alikuta chembe za udongo kwenye kiti cha Raphaël. Alizifuta. Jioni zilikuwepo tena, nyingi zaidi, zenye unyevu, na kiti kilikuwa kimegeuzwa kidogo kuelekea moto.

Na chini ya sakafu kukawa na kugonga. Jiwe juu ya jiwe. Mara tatu, kimya, mara tatu.

Jioni hiyo sauti iliuliza ikiwa ndani ya nyumba, nayo haikumwita Mama. "Wivine," ilisema, "iko saa ngapi?" Ilikuwa sauti ya Raphaël, yenye ule mkwaruzo wake wa kifua, na Wivine, badala ya kupiga kelele na kutoka mbio kama mtu yeyote angefanya, alikaa pale pale huku machozi yanamtiririka, akajibu saa, akaongeza neno moja ambalo hakupaswa kuliongeza: "Karibu."

Kuanzia hapo alikula akiwa ametazama kile kiti. Alikonda. Watu wa kituoni walimwuliza kama anaumwa, naye akasema ni baridi. Kama mambo yangebaki nyumbani kwake, labda asingemwambia mtu kamwe.

Lakini alikuja Consolée, mke wa mkulima wa mlima wa pili, amebebwa kwenye machela, uchungu umemshika tangu alfajiri. Ilikuwa mchana, jua liko wazi, wanawake wanapiga soga uani. Wivine alimlaza, akaweka pembe ya kusikilizia juu ya tumbo, akainamisha sikio, akatazama saa yake ili ahesabu moyo wa mtoto. Hakusikia moyo. Alisikia jiwe linagonga jiwe, mbali sana, chini sana, mara tatu na kimya na mara tatu tena, na kati ya kugonga na kugonga, mle ndani ya tumbo la mwanamke ambaye hakumjua Raphaël wala hakuwahi kumwona, ile sauti yenye mkwaruzo ikauliza taratibu, kama mtu aliyechoka ambaye bado ana adabu, iko saa ngapi.

Pembe ilimponyoka mkononi.

"Mama Wivine," Consolée alinong'ona, "mutoto amekufa?"

"Hapana. Nyamaza. Sukuma."

Mtoto alitoka wa buluu, hapumui. Wivine aliingiza kidole kinywani mwake kusafisha, na kidole kilitoka na matope. Siyo damu, wala siyo yale maji ya uzazi anayoyajua kila mkunga. Yalikuwa matope mekundu, ya baridi, yenye vichanga. Alifuta kwa kitambaa, akaingiza tena, yakatoka mengine. Hakuacha. Alifuta, akapuliza, akampigapiga mgongo, akafuta tena, hadi mtoto akakohoa na kulia.

Consolée alicheka kwa furaha. Hakuona kidole. Wivine alificha kitambaa ndani ya nguo yake, akatoka uani, akasugua kidole kwa majani.

Siku hiyohiyo alikwenda kwa Mama Libérata, mjane aliyeongoza kikundi cha maombi cha parokia. Watu walimpelekea wenye mapepo kutoka hata ng'ambo ya mlima. Alimsikiliza Wivine mpaka mwisho, akafunua kitambaa, akanusa, akakikunja tena.

"Ulimujibu?"

"Nilimujibu, Mama."

"Mara ngapi?"

"Kila siku."

"Yesu wangu." Alishika rozari yake. "Juu ya nini, mutoto yangu? Juu ya nini ulimujibu?"

Wivine alitazama chini. "Hakuna mutu mwingine alikuwa ananiuliza kitu."

Mama Libérata aliinuka. Halafu akaenda naye hadi nyumbani, akasimama mlangoni, hakuingia haraka. Alitazama kiti, akatazama sakafu.

"Hii ni jini ya kungoja," alisema. "Inatafuta nyumba yenye mutu anangojea mutu. Inakaa mu ile kiti. Inabeba sauti ya ule mwenye hayuko. Mwisho itakubeba weye, na kama haikukubebe, itabeba batoto. Toa saa."

Walishuka hadi mto Osso. Wivine alivua saa, bado ina joto, akaitupa penye maji mengi. Waliona inameta mara moja tu. Alipanda kurudi akihisi mkono mwepesi mno. Jioni, kabla hata moto haujashika vizuri, jiwe liligonga chini ya miguu yake, na sauti ikauliza kama kawaida, ila sasa ilikuwa na wasiwasi, kama sauti ya mtu aliyezimiwa taa.

Mama Libérata alipoambiwa, hakushangaa. "Basi saa ilikuwa mulango tu. Ile jini imeshaingia. Kilichobaki ni kuondoa kungoja. Tutafanya matanga."

"Matanga ya nani?"

Yule mama alitazama upande wa Walikale, na Wivine akaelewa.

"Mama Libérata, bwana yangu hajakufa!"

"Miye sisemi amekufa. Nasema umutoe mu nyumba. Kama Mungu atamurudisha, atamurudisha kwa bibi yake muzima."

"Siwezi kusema ile neno."

"Ulishika mutoto mwenye matope mu kinywa," Mama Libérata alisema polepole. "Kesho utashika mwingine."

Matanga yalifanywa mchana, mvua ikiwa inanyesha. Wanawake wa kikundi walikuja wamejifunika magunia, wakatandika mikeka, wakasogeza kiti cha Raphaël hadi nje. Walimnyoa Wivine kichwa. Walimkalisha chini, miguu ameinyoosha kama mjane. Waliimba nyimbo za kusindikiza wafu, na mvua ikazidi juu ya mabati hadi ikawa vigumu kusikia jirani yako anaimba nini. Kisha kugonga kukaanza, na safari hii haikuwa Wivine peke yake aliyesikia. Mwanamke mmoja aliacha kuimba. Mwingine akamshika mwenzake mkono. Kugonga kulitoka chini ya mikeka, kukahamia ukutani, kukazunguka nyumba upande wa nje, pale kilipowekwa kiti, kukarudi mlangoni.

"Sasa," Mama Libérata alinong'ona sikioni mwake. "Usijibu kitu ingine. Sema tu."

Nje ya mlango, katika mvua, Raphaël alisema, "Wivine. Kuko giza. Niambie saa."

Wivine aliuma mdomo. Alitaka kusema kuwa ni saa tisa, saa tisa tu, bado mchana, hakuna giza lolote. Neno lilikuwa tayari ulimini, na aliona kuwa akilisema atapata kuisikia sauti ile kesho na keshokutwa na maisha yake yote, atapika akiisikia, atalala akiisikia, na katika kila tumbo atakaloinamia kutakuwa na jiwe linalogonga jiwe na kinywa kidogo kinachojaa udongo.

"Wivine, niko nakuomba."

"Raphaël amekufa," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na Mama Libérata alipomfinya bega, Wivine akasema kwa nguvu zaidi. "Raphaël alikufa! Hapa hapana mutu anamungojea!"

Kugonga kulikatika. Kwa muda kukabaki mvua tu. Halafu wote mle ndani walisikia kitu kinaondoka, taratibu, kinapapasa ukuta wa nje toka mlangoni hadi pembe ya nyumba, kama mtu anayetafuta njia kwa kiganja mahali pasipo na mwanga. Kilifika pembeni, ukuta ukaisha. Hakikusikika tena.

Nyumba ilipona. Harufu ilikwisha, watoto walizaliwa safi, na mioyo yao ilipiga kama mioyo. Hakorimana alimkopesha ile saa kubwa yenye mshale mwekundu kwa kazi ya kituoni, naye aliiacha kituoni kila jioni. Alipofika kwake alifunga mlango, akala, akalala. Jioni nyingine alikaa karibu na mlango bila kujua kwa nini, na hakuna aliyemwuliza lolote.

Kiangazi kilipoingia, alikuja mtu anayechechemea, mfuko begani. Alisema anaitwa Evode, anatoka Walikale, anarudi kwao Bweremana kuvua samaki, maana machimbo yamemshinda. Aliuliza nyumba ya mke wa Raphaël, na alipomwona Wivine kichwa bado kimenyolewa kama cha mjane akavua kofia.

"Basi mulishapata habari," alisema.

"Habari gani?"

Evode alitazama huku na huku, akitafuta mtu wa kumsaidia. Hapakuwa na mtu. Akakaa chini.

"Dada, mulima ulishuka juu ya shimo. Mvua za kwanza. Sisi wote tulikuwa inje, yeye alikuwa ndani peke yake. Hakufa palepale. Alikuwa chini sana, lakini tulikuwa tunamusikia. Alikuwa anagonga na jiwe. Tulichimba, udongo ukaanguka tena, tulichimba. Na yeye alikuwa anauliza kitu moja tu."

Wivine naye akakaa chini.

"Alikuwa anauliza saa. Juu ya giza ya mule ndani, hajue kama ni muchana ao ni usiku. Akasema tufungue mufuko yake, kuko saa ya zamani, alikununulia weye. Alisema bibi yake anapimia batoto na saa ya plastiki. Akasema tuitie ufunguo, tumwambie saa na ile. Njo tukafanya vile. Anagonga, anauliza, tunaangalia, tunamujibu. Alisema kama anajibiwa hawezi kuogopa." Evode alifuta uso kwa kofia. "Mwisho tulijibu, hakuuliza tena. Ile saa tuliiuzisha kwa mufanyabiashara, tukalisha batu walikuwa wanachimba. Utusamehe, dada. Njaa ilikuwa nyingi."

Alitaka kuendelea, lakini aliona mwanamke huyu ameweka viganja vyote viwili sakafuni, kama anayezuia kitu kisifunguke.

"Mulikuwa munamujibu kila mara?" Wivine aliuliza.

"Kila mara. Hakuna siku tulimunyima."

Wivine aliondoka Nyabiondo kabla wiki haijaisha, kwenda Walikale. Mama Libérata alimkataza, akamwambia jini ni mwongo na linaweza kujua hata mambo ya shimoni. Wivine hakubishana naye. Alipata nafasi juu ya pikipiki iliyobeba maharagwe, akashuka pale njia inapoishia, akatembea msituni na wabeba mizigo, akapita vizuizi vya watu wenye silaha ambao walimtazama kichwa chake na kumwacha apite. Machimboni walimwonyesha mahali penyewe. Udongo mwekundu ulikuwa umekaa, na majani yalikuwa yameanza kuota juu yake.

Alingoja wachimbaji waondoke. Hakuwa na saa. Alitazama jua kati ya miti, akakisia, akapiga magoti, akaweka kinywa karibu na ardhi.

"Raphaël," alisema. "Iko saa kumi. Iko muchana. Jua linawaka."

Aliweka sikio juu ya udongo kama alivyozoea kuliweka juu ya matumbo, akashika pumzi ili asikie vizuri. Alisikia maji yanayopita mbali, na moyo wake mwenyewe. Akasema saa tena, kwa sauti zaidi. Aliendelea kusema, kila jua liliposogea, mpaka halikuonekana tena, na katika muda wote huo hakuna aliyegonga.